Graham Hill: Bingwa wa Magari Aliyefia Ukunguni

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kunitaka nilete maisha ya mtu mmoja mashuhuri, nilijua kwamba wengi wangetegemea jina la mwanasiasa, au askofu, au mmoja wa wale wapelelezi wa mito na maziwa tuliokaririshwa darasani. Hao wamekwisha kuandikwa sana. Mimi nimemchagua dereva. Tena dereva mwenyewe hakufia garini, ingawa kwa miaka ipatayo 20 watu walimtazama wakitegemea kwamba siku moja angefia humo. Alikufa akiwa rubani wa ndege yake ndogo, usiku wa baridi na ukungu, zikiwa zimebaki kilomita chache tu afike nyumbani.

Jina lake kamili lilikuwa Norman Graham Hill. Alizaliwa tarehe 15 Februari 1929 huko Hampstead, mjini London. Wazazi wake hawakuwa maskini wa kutupwa, wala hawakuwa matajiri. Na vijana mnaosoma habari hii mwelewe kwamba mashindano ya magari, zamani hizo kama ilivyo leo, yalikuwa mchezo wa watu wenye fedha. Hill hakuwa nazo. Alisoma shule ya ufundi, kisha akaingia kazini kama mwanagenzi katika kampuni ya Smiths, watengenezaji wa saa na vipimo vya magari na vya ndege. Naomba msomaji aliweke jambo hili kichwani, maana tutalirudia. Katika ujana wake alipata ajali ya pikipiki iliyomvunja paja, na tangu hapo mguu wake wa kushoto ukawa mfupi kidogo kuliko wa kulia. Hata hivyo aliitwa kutumikia jeshi la wanamaji, akawa fundi wa mitambo katika manowari iitwayo Swiftsure.

Aliporudi uraiani mchezo wake ulikuwa kupiga makasia, si magari. Alijiunga na chama cha wapiga makasia cha London katika mto Thames, na aliupenda mchezo huo kwa moyo wake wote. Katika mchezo huo ndimo alimokutana na binti aliyekuja kuwa mkewe, Bette, ambaye naye alikuwa mpiga makasia hodari. Rangi za chama hicho alizichukua baadaye akazipaka kwenye helmeti yake: samawati nzito, na juu yake makasia meupe yaliyopangwa kuizunguka. Katika picha zote za mashindano utamtambua kwa helmeti hiyo, na anapoivua utamtambua kwa masharubu yake membamba yaliyochongwa vizuri.

La kushangaza ni kwamba Hill hakupata leseni ya kuendesha gari mpaka mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka uliofuata aliona tangazo la watu waliokuwa wakikodisha gari la mashindano katika kiwanja cha Brands Hatch, kwa shilingi 5 za Kiingereza kila mzunguko. Akaenda na pauni moja yake, akapewa mizunguko minne. Alipotoka garini, yule fundi wa saa na vipimo alikuwa amekwisha. Aliacha kazi yenye mshahara akaenda kuwa makanika kwenye shule ya udereva wa mashindano, bila ya mshahara, ili mradi apewe nafasi ya kushindana. Siku moja mwaka huo huo wa 1954, akirudi mjini kutoka Brands Hatch bila nauli, aliomba lifti kwa Colin Chapman, kijana aliyekuwa akianzisha kiwanda cha magari ya Lotus. Chapman alimpa kazi ya umakanika kwa ujira wa pauni moja kwa siku. Kutoka hapo Hill alijipenyeza taratibu mpaka akafika kwenye usukani, na mwaka 1958, huko Monaco, akaanza kushindana katika Grand Prix.

Kwa wale waliozoea Safari Rally, ambako gari hupambana na vumbi, tope na ng'ombe kwa mamia ya kilomita, niseme kwamba Grand Prix ni mashindano ya namna nyingine. Magari mepesi ya kiti kimoja huzunguka njia ile ile mara nyingi kwa mwendo wa kutisha, na mshindi hupatikana kwa sekunde. Katika miaka ya 1960 magari hayo yalikuwa mfano wa mapipa ya petroli yenye magurudumu. Madereva walikufa kila mwaka, na mazishi ya wenzao yalikuwa sehemu ya kalenda yao.

Mwaka 1960 Hill alihamia kampuni ya BRM. Kampuni hiyo ilikuwa imetumia fedha nyingi kwa muda mrefu bila ya mafanikio ya maana, na kwa msimu wa 1962 mwenye mali aliwaambia wazi kwamba wasiposhinda atafunga. Hill alishinda Uholanzi, ukawa ushindi wake wa kwanza, kisha Ujerumani, kisha Italia. Ubingwa ukabaki kuamuliwa katika shindano la mwisho, lililofanyika East London, Afrika Kusini, tarehe 29 Desemba 1962. Jim Clark wa Lotus alikuwa mbele kabisa, na kwa hesabu za mashabiki mambo yalikuwa yamekwisha. Ndipo gari lake lilipoanza kutoa moshi. Skrubu moja ilikuwa imelegea na mafuta ya mtambo yakamwagika. Clark akasimama. Hill akapita, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1964 aliukosa ubingwa kwa pointi moja tu.

Sitaki kuwachosha wasomaji kwa orodha ya ushindi, lakini mengine hayawezi kuachwa. Katika barabara nyembamba za mji wa Monaco, mahali ambapo kosa la upana wa kiganja hukupeleka ukutani, Hill alishinda mara 5, mwaka 1963, 1964, 1965, 1968 na 1969. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1993, na aliyeivunja ni Ayrton Senna. Mwaka 1966 alikwenda Marekani akashinda mashindano ya maili 500 ya Indianapolis, mara ya kwanza kabisa kushiriki. Mwaka 1972 alishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, akipokezana usukani na Mfaransa Henri Pescarolo. Ubingwa wa dunia, Indianapolis na Le Mans: hadi leo hajapatikana dereva mwingine aliyevipata vyote vitatu.

Lakini mwaka uliompa heshima kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni 1968. Alikuwa amerudi Lotus, akiwa pamoja na Jim Clark, ambaye wengi walimwona kuwa dereva bora kuliko wote duniani. Tarehe 7 Aprili Clark aliuawa huko Hockenheim, Ujerumani, katika shindano dogo ambalo Hill naye alishiriki. Kampuni nzima ilipigwa na bumbuazi. Hill, akiwa na miaka 39, aliwakusanya makanika, akaingia garini, akashinda Hispania katika Grand Prix iliyofuata, kisha akashinda Monaco. Mwishoni mwa mwaka alishinda Mexico na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya pili. Hakuwa na kipaji cha Clark, na mwenyewe hakujidai kuwa nacho. Alikuwa mtu wa bidii. Alikuwa na daftari aliloandika humo kila badiliko lililofanywa kwenye gari lake, kila springi na kila upepo wa tairi, na makanika walimwona msumbufu kwa ajili hiyo.

Nimelitaja daftari hilo kwa makusudi.

Mwaka 1969, katika mashindano ya Watkins Glen nchini Marekani, gari la Hill liliteleza na kuzimika. Alishuka, akalisukuma mwenyewe mpaka likawaka, akarukia ndani na kuendelea. Ila mikanda ya magari hayo ilikuwa ya namna ambayo dereva hawezi kuifunga mwenyewe bila msaada wa makanika, kwa hiyo aliondoka bila mikanda. Muda si mrefu tairi lilipasuka, gari likapinduka, naye akatupwa nje. Miguu yote miwili ilivunjika. Alikuwa na miaka 40, na magazeti yalimwandika kama mtu aliyestaafu. Lakini Machi 1970, miezi mitano tu baadaye, alionekana Kyalami, Afrika Kusini, akiinuliwa na watu ili aingie garini, akamaliza shindano hilo akiwa wa 6. Ushupavu wa namna hiyo huwafanya watu waimbe sifa zako. Pia huweza kukufundisha vibaya, yaani ukadhani kwamba kila mara mwili na bahati vitakuchukulia dhamana.

Sasa tuje kwenye ndege.

Baada ya kupata fedha za Indianapolis, Hill alijinunulia ndege aina ya Piper Aztec, yenye injini mbili na viti sita. Kwa dereva wa wakati ule ndege haikuwa anasa tupu. Leo uko Uholanzi, kesho Italia, keshokutwa unatakiwa nyumbani. Na familia yake ilikuwa ikiishi Shenley, katika jimbo la Hertfordshire, kaskazini ya London, karibu na kiwanja kidogo cha ndege cha Elstree. Miaka ilivyopita safari za Elstree zikawa kwake kama safari za basi. Mara kwa mara aliwabeba marafiki, madereva wenzake na makanika.

Julai 1975, akiwa na miaka 46, Hill aliacha rasmi udereva wa mashindano. Alikuwa ameanza Grand Prix 176. Alikwisha kuunda kampuni yake mwenyewe ya magari ya mashindano, na alikuwa amempata kijana wa miaka 23, Tony Brise, ambaye wajuzi walimtabiria makubwa. Mwezi Novemba walikwenda kulijaribu gari lao jipya katika kiwanja cha Paul Ricard, kusini ya Ufaransa. Kazi ilipokwisha, Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 1975, watu sita waliingia katika ile Aztec ili warudi nyumbani: Hill mwenyewe kwenye usukani, Tony Brise, mchora mitambo Andy Smallman, meneja wa timu, na makanika wawili. Viti vyote sita vilijaa.

Hapa hapana budi nieleze kidogo habari ya ukungu, maana sisi tuliosoma shule hii ya nyanda za juu tunadhani tunaujua. Mnakumbuka asubuhi za Juni, wakati mlingoti wa bendera usipoonekana kutoka bwenini, nasi tukienda kunywa uji kwa kufuata mlio wa kengele. Ukungu ule huondoka jua likipanda. Uingereza, mwishoni mwa Novemba, jua huzama mnamo saa 10 jioni na usiku ni mrefu mno. Mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake saa baada ya saa. Hewa yenye unyevu iliyolala juu yake hupoa, na unyevu hugeuka kuwa matone madogo sana yanayoelea. Kadiri usiku unavyokwenda ndivyo ukungu unavyonenepa, na hakuna jua la kuuondoa.

Ukungu wa namna hiyo una hila moja inayowaua marubani. Mara nyingi huwa ni tandiko jembamba, pengine kimo cha mnazi mmoja au miwili. Rubani anayepita juu yake akitazama chini moja kwa moja anaweza kuona taa za barabarani, hata taa za kiwanja, akasema moyoni kwamba mambo si mabaya. Lakini ili atue lazima ashuke kwa mshazari, na akishaingia ndani ya tandiko hilo hatazami tena kimo cha minazi miwili, anatazama urefu wote wa ukungu ulio mbele yake. Taa alizoziona sasa hivi zinatoweka. Ndege inayokwenda kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa hupita meta 44 katika kila sekunde moja. Ukiona mti ukiwa meta 100 mbele, una sekunde mbili na kidogo.

Viwanja vikubwa vina dawa yake. Mitambo iliyoko ardhini hurusha mawimbi ya redio yanayomwonyesha rubani kama amekwenda kushoto au kulia ya njia, na kama yuko juu mno au chini mno. Uingereza walikuwa wamekwenda mbele zaidi: mwaka 1965 ndege ya abiria aina ya Trident iliteremka London na magurudumu yake yakagusa ardhi kwa kuongozwa na mitambo yenyewe. Mitambo hiyo ilikuwa kazi ya Smiths, kampuni ile ile iliyomfundisha Hill kazi ya vipimo alipokuwa kijana.

Elstree haikuwa na vitu hivyo. Kilikuwa kiwanja kidogo chenye njia fupi ya kutulia, na rubani alitakiwa aione kwa macho yake. Mpaka aione, ilimlazimu kutegemea vipimo vilivyomo ndani ya ndege, hasa altimita, ambayo hupima urefu angani kwa kupima kanieneo ya hewa. Kanieneo hubadilika mahali hadi mahali, kwa hiyo rubani huiweka altimita yake sawa kwa takwimu anazopewa kwa redio, na kosa la milibari moja tu ni kiasi cha meta 8 au 9. Isitoshe, mtu aliyezungukwa na giza na ukungu hudanganywa na masikio yake mwenyewe. Huhisi anakwenda sawa kumbe anainama. Ndiyo sababu serikali za nchi zote hutaka rubani anayeruka katika hali hiyo awe na kibali maalumu, afanyiwe mtihani, na mtihani huo urudiwe kila baada ya muda.

Walikuwa wamesimama Marseille, kisha wakavuka Ufaransa na mlango wa bahari. Mnamo saa 3 na nusu usiku walikuwa wakijiandaa kutua Elstree, katika ukungu mzito. Kilomita chache kabla ya kiwanja, ambapo ardhi huinuka kidogo, kuna kijiji cha Arkley na kiwanja chake cha gofu. Hapo ndege iligonga miti, ikaanguka na kuwaka moto. Hakupona hata mmoja.

Tume ya wachunguzi wa ajali za ndege ilifanya kazi yake na kutoa taarifa mwaka 1976. Moto ulikuwa umeharibu mengi, na haikuwezekana kusema kwa hakika kwa nini ndege ilikuwa chini kiasi kile. Haukupatikana ushahidi wa injini kuharibika. Lililoonekana kuwa karibu zaidi na ukweli ni kosa la rubani. Lakini tume ilipofungua majalada ilikuta jambo lingine. Ndege ilikuwa bado ina namba za usajili za Marekani, hali ilikuwa imekwisha kufutwa katika daftari la Marekani na haikuandikishwa katika nchi nyingine yoyote. Kwa maneno mengine haikuwa na uraia. Leseni ya Hill ya Marekani pamoja na kibali chake cha kuruka kwa vipimo vilikuwa vimepitwa na wakati. Kibali chake cha Uingereza cha kuruka katika hali mbaya ya hewa nacho kilikuwa kimekwisha muda wake.

Mtu yule yule aliyeandika katika daftari kila springi ya gari lake!

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, pengine kwa sababu ya kazi yangu. Sisi watumishi wa serikali tunaoshinda na majalada, fomu na mihuri huchekwa, na wakati mwingine twastahili. Mwananchi akija dirishani akaambiwa leseni yake imepita siku 10, huona anasumbuliwa bure, maana gari ni lile lile na mikono ni ile ile. Na ni kweli kwamba karatasi haikuigonga miti ya Arkley. Rubani mwenye vibali vyote angeweza kufa pale pale usiku ule. Lakini mtihani wa kila mara una kazi yake: unamlazimisha bingwa akae chini kwa saa moja mbele ya mtu asiyejali ubingwa wake, amwonyeshe kwamba bado anaweza. Hill alikuwa amefika mahali ambapo hakuna aliyethubutu kumwuliza. Makanika wa miaka ishirini na kitu wangemwambia nini bingwa wa dunia mara mbili, bwana wao, kwamba labda wakatue penye mitambo kisha watafute usafiri mwingine wa kurudi?

Karatasi zilikuja kufanya kazi yake baadaye. Kwa kuwa ndege haikuwa na usajili na rubani hakuwa na vibali, bima haikuwa na nguvu. Jamaa za wale watu watano walikuwa wamepoteza waume, wana na baba, nao walikuwa na haki ya kudai. Wakadai katika mirathi ya Hill. Bette, mpiga makasia yule wa mto Thames, akajikuta mjane mwenye watoto watatu na mashauri ya fedha. Nyumba yao kubwa ya Shenley ikabidi iuzwe. Kampuni ya magari ilikufa siku ile ile, maana waliokuwa akili na mikono yake walikuwa wote ndani ya Aztec. Lile gari jipya halikushiriki shindano lolote.

Mimi nami ninalo la kukiri. Miaka michache iliyopita nilisafiri kikazi kwa ndege ndogo kwenda wilaya moja ya nyanda za juu. Tulipofika juu ya kiwanja ilikuwa asubuhi, na chini yetu palikuwa peupe kama pamba. Rubani, kijana mpole, alizunguka mara mbili, kisha akatuambia anarudi tulikotoka. Tulinung'unika sana. Mkutano ulikuwa saa 4, wajumbe wametoka mbali, na mzee mmoja aliapa kwamba anaona paa la shule waziwazi kule chini. Mimi ndiye niliyesema kwamba marubani wa siku hizi ni waoga. Tulirudi tukakaa uwanjani mpaka adhuhuri, tukaondoka tena, tukafika salama, na katika kikao sikumtaja kwa wema. Wakati ule nilikuwa sijasoma habari za Arkley kwa makini.

Hill alisaliwa katika kanisa kuu la St Albans, na umati wa watu ukajaa. Walikuja madereva waliokuwa wameshindana naye kwa miaka, watu waliozoea kuagana na wenzao baada ya ajali za viwanjani, ila safari hii ilikuwa vigumu kuamini. Alikuwa ameuacha usukani wa mashindano akiwa hai. Wachache wa rika lake waliweza hilo.

Mtoto wake wa kiume, Damon, alikuwa na miaka 15. Hakurithi fedha wala ndege. Alianza na mashindano ya pikipiki, na kwa kipindi fulani alijipatia riziki mjini London kwa kupeleka barua na vifurushi kwa pikipiki katika mvua na baridi. Aliingia Formula One akiwa mtu mzima kuliko kawaida, kama baba yake. Tarehe 13 Oktoba 1996, huko Suzuka, Japani, alishinda shindano la mwisho la mwaka na kuwa bingwa wa dunia, ikawa mara ya kwanza kwa baba na mwana wote wawili kuupata ubingwa huo.

Mwaka huo mimi nilikuwa hapa shuleni. Gazeti liliingia bwenini likiwa limechakaa, limekwisha kupita mikononi mwa walimu na mpishi, na ndani yake mlikuwa na picha ya Damon akiwa amevaa helmeti ya samawati nzito yenye alama nyeupe kuizunguka. Tulibishana jioni nzima alama zile ni nini. Wengine walisema mikuki, wengine wakasema vijiko. Hakuna aliyesema makasia.